Sita kwa Kumi

Wahakiki wa nje wameshatoa alama:
sita kwa kumi. Niliwasoma kwenye simu
nikisubiri tokeni ya luku, dirishani kwa Kondo.
Wanasema hadithi inakokota miguu.
Wanasema nani alipe kurudi nyuma miaka tisa
kumtazama Irsa akijifunza kushika upinde
ilhali sote tulishamzika, sehemu ya kwanza,
chini ya daraja, na hakuna aliyelia.

Hakuna aliyelia. Hapo wamesema kweli.
Hata hapa Manzese, nyuma ya Tip Top,
mabenchi mawili, feni moja, pedi ya kushoto inayoganda,
alipoanguka watu walipiga makofi.
Pazi alipanda juu ya kreti: Msaliti kaenda!
Na mimi, mwenye banda, nusu saa mia tano,
tafsiri bure, nilicheka nao.

Maana ni mimi niliyewaambia.
Gemu haijui Kiswahili. Inaongea puani, mbio mbio,
maandishi yanapita chini ya kioo kama panya
nami nadaka ninachodaka, naongeza chumvi.
Mfalme nilimpa lafudhi ya Tanga.
Mchawi nilimpa ya mwenye nyumba wangu
siku ya kodi.
Na usiku ule wa daraja, Irsa, damu mdomoni,
alipoulizwa juu ya watoto wa ngome
alijibu kwa pumzi moja, nikaitamka:
Niliwaacha.
Mabenchi yote yakaguna.

Sasa imekuja hii ya kabla.
Tumeicheza wiki mbili. Vita vyenyewe haba.
Irsa anachota maji. Irsa anafuga mbwa mwenye jicho moja.
Kila jioni anawaita watoto wa ngome, majina kumi na saba,
na ni lazima ubonyeze kila jina, huwezi kuruka.
Mhakiki mmoja kaandika: hii ni kazi ya mwalimu wa zamu, si mchezo.
Kidawa, aliyekuja siku moja kukusanya vikombe vya chai
akasahau kuondoka,
anayajua yote kumi na saba
na huyu wa mwisho, mwenye kikohozi, anamwita mdogo wangu.

Jana tukafika sura ya mwisho.
Usiku, geti la nyuma. Irsa anavunja kufuli kwa jiwe,
anawatoa mmoja mmoja, anawasukumia msituni,
mbwa mbele, mwenye kikohozi mgongoni mwa mwenziwe.
Anabaki yeye
na jiwe lake.

Kimya. Feni ikikoroga joto lilelile.
Kidawa hakunitazama. Alikiuliza kioo:
"Kwani kule darajani alisema nini?"

Nilijua palepale, kama mtu anayepapasa mfuko
na kukuta tundu.
Lile neno lilikuwa na milango miwili
nami nilifungua wa karibu.
Niliwaachia, alisema. Niliwaachia waende zao.
Irabu moja, nyembamba kama njiti ya kiberiti,
ilinidondoka mbele ya watu ishirini,
na miaka mitatu mwanamke yule
amelala chini ya jina nililomchongea mimi.

Pazi akasonya. "Rudisha mia tano zangu."
Zipi?
"Zote. Tangu sehemu ya kwanza."
Wakacheka, si wote.
"Gemu naipa tisa," akasema akivaa ndala,
"wewe, mbili. Ya pili ni ya feni."

Wengine walitoka naye. Kidawa alibaki,
akapekua chini ya meza, akaipangusa kwa khanga
diski ya zamani yenye mkwaruzo.
Tulikwenda moja kwa moja hadi darajani.
Mishale ileile. Mvua ileile. Hakuna kilichobadilika,
alianguka palepale alipoangukia siku zote.
Alipofungua mdomo nilinyamaza.
Kidawa ndiye aliyesema, polepole,
na ile i akaivuta,
akaivuta
mpaka luku ikaisha.